Skrini Mpya ya Chiriku

Dada mkubwa alikuwa na jicho la rangi. Katika studio ya picha alikofanya kazi, bibi harusi akitoka pichani na uso wa kijani, ni yeye aliyeitwa kumrudishia rangi yake. Lakini skrini aliyopewa ilikuwa kuukuu, kona moja imeingia umanjano, na kila alipoomba nyingine bosi alimjibu, "Hiyo bado inapumua."

Kwa hiyo mdogo wake, waliyemwita Chiriku kwa kutokaa kimya, alipompigia simu kumwambia amenunua skrini ya kuchezea magemu, tena ile kubwa inayoonyesha mpaka vinyweleo, moyo wa dada ulifanya paa.

"Njoo uikague," Chiriku alisema. "Ukiona haifai, nairudisha dukani."

Alifika jioni akitoka kazini, mkoba bado begani. Skrini ilikuwa imejinafasi mezani kama bwana harusi. Akachomeka flashi yake, akafungua picha ya harusi iliyomhangaisha wiki nzima. Akauona uzi wa shela mmoja mmoja. Akasogea pembeni kabisa, rangi hazikufifia. Weusi wa suti ulikuwa weusi kweli, si kijivu cha kubahatisha. Kisha akaliona kosa lake mwenyewe: shavu la bibi harusi alilizidishia wekundu, na kule studio hakuliona kamwe.

Kijicho kikampanda. Huyu huyu niliyemfundisha kushika padi ya magemu, akawaza, leo anatazamia magari ya mchezo kwenye kioo kama hiki, na mimi ninayekula kwa macho yangu nimeachiwa ile sufuria ya studio.

"Si mbaya," akasema.

"Si mbaya tu?" Chiriku akavuta kiti. "Basi sijakosea kuitilia shaka. Rangi nzuri, lakini gari likikata kona linaacha mkia, sawasawa na ile yangu ya zamani. Dada, nimeingizwa mjini?"

Dada akafungua mipangilio. Jibu lilikuwa pale pale, halikuhitaji tochi: skrini iliyoweza kubadilisha picha mara mia moja arobaini na nne kwa sekunde ilikuwa imewekwa kwenye sitini. Ni kubofya tu. Akaufunga ukurasa.

"Ndivyo zilivyo hizi. Umeuziwa jina."

Chiriku, ambaye hata mama alishindwa kumnyamazisha, akanyamaza. Akashusha boksi kutoka juu ya kabati, akaanza kuyanyoosha yale maplastiki yaliyokuja nalo. Dada alimtazama, na ukweli ni kwamba alifurahi. Ilikuwa furaha kama chai ya moto iliyomezwa kwa pupa: tamu mdomoni, kifuani inaunguza.

"Basi dukani tutakwenda wote," Chiriku akasema, amempa mgongo. "Uchague wewe. Wewe ukishaipitisha, mimi moyo wangu unatulia."

Dada akabaki ameketi. Akatazama ule mgongo ulioinamia boksi. Halafu akashika kipanya, akarudi kwenye mipangilio, akabofya.

"Hebu cheza."

Chiriku akacheza. Gari likakata kona safi, hata maandishi ya ubavuni yakasomeka. Akalikatisha kona ya pili, ya tatu, kisha akaiweka padi chini polepole.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu nilipofungua."

"Sasa kwa nini, dada?"

"Kwa sababu ni nzuri. Ni nzuri mno, na si yangu."

Chiriku hakucheka wala hakulia. Alimsukumia padi ya pili, na kwa muda mrefu akamshinda bila huruma, mchezo baada ya mchezo. Dada alikubali kila kipigo. Walipoagana mlangoni, Chiriku alimwambia "haya" kama anavyoambiwa mgeni.

Kesho yake mama akampigia dada akiwa kazini. "Nasikia umempimia mdogo wako skrini. Anasema bila wewe angeirudisha."

Dada hakujua aufiche wapi uso wake. "Ni nzuri, mama," akasema. "Thamani ya pesa yake anaipata." Maneno yalitoka kwa kusukumwa, maana wivu haukuwa umeondoka, ulikuwa umekaa tu, kama mgeni asiyeaga.

Alipokata simu akamwandikia Chiriku: naweza kuja Jumamosi na picha zangu za kazi?

Jibu lilichelewa mpaka alasiri. "Njoo. Lakini bado nimekasirika."