Mshono wa Bandi

Mdogo wa fundi cherehani aliingia bila hodi, akaweka gauni lake la kazini juu ya meza ya kukatia, na kabla hata ya salamu akasema, "Lipanue kiunoni, dada. Ila usipitishe cherehani. Piga bandi tu."

Fundi alimtazama juu ya miwani. Bandi ni mshono wa mkono, wa kushikiza nguo mpaka mwenyewe aridhike. Ukivuta uzi, nguo inarudi ilivyokuwa. Tangu aanze kushona hajapata kusikia mjamzito akiomba bandi. Tumbo likishaanza kukua, nani analirudisha?

"Shikamoo, mama mdogo! Umenenepa!" Bi Vifungo alipaza sauti kutoka kwenye kigoda chake. Ni binti wa pekee wa fundi, mtu mzima sasa, aliyezaliwa na hali wanayoiita Down. Hakuna wa kumshinda kushona vifungo, wala kusema kweli.

"Marahaba," mama mdogo alijibu, macho sakafuni.

"Kachemshe chai, mwanangu," fundi alisema.

Mlango wa jikoni ulipofungwa, mdogo mtu akaketi. "Majibu ya damu yametoka. Daktari anasema kwa umri wangu huu wa arobaini na moja, ni kama mmoja kati ya themanini. Wamepima damu, imekuja mmoja kati ya kumi na wawili."

"Mmoja wa nini?"

Mdogo wake aligeukia jikoni, ambako Bi Vifungo alikuwa akigonganisha vikombe.

"Jumatatu wananichoma sindano ya tumbo. Wanachota maji ya mtoto, wanahesabu kromosomu kama imezidi moja, ndiyo wajue kwa hakika. Kisha niamue, nimzae au la. Mume wangu anasema niamue mwenyewe. Mama mkwe naye hivyo hivyo. Watu waliokuwa wakinichagulia hata rangi ya mapazia!" Alicheka kidogo. "Haya ndiyo malipo ya kuchelewa kuzaa."

"Huyu wangu nilimzaa nikiwa na miaka ishirini na mitatu," fundi alisema. "Mimi nilichelewa wapi? Umri unaongeza uwezekano, sikatai, lakini wasichana nao wanawapata watoto kama huyu. Ila mimi hakuna aliyenipima."

"Na wangekupima? Ungejua mapema, dada, ungefanyaje?"

Fundi akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Zamani, kila Jumamosi, wazazi wa watoto kama Bi Vifungo walikuwa wakikutana na watoto wao, wakijaza ukumbi mzima, mpaka wengine wanakaa madirishani. Wengine walihama, wengine walizika. Wapya hawakuja, siku hizi watu wanajua mapema. Fundi hakumlaumu yeyote. Lakini Bi Vifungo bado alipiga pasi gauni lake kila Ijumaa, na kila Jumamosi aliuliza mlangoni mwa ukumbi, "Leo kaja nani?"

Ndiyo maana, Mungu amsamehe, moyo wake ulitamani huyo mmoja kati ya kumi na wawili awe humo tumboni. Bi Vifungo apate mwenzake. Neno moja tu lingetosha: mzae, tutalea wote. Mdogo wake hajawahi kulivuka neno lake tangu fundi alipomfundisha kufunga kamba za viatu.

Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Kwa akili za umri ule, ningekimbia," alisema. "Tena bila kugeuka nyuma. Kwa akili za leo, bila huyu sijijui mimi ni nani. Wote wawili ni mimi, mdogo wangu, na hakuna kati yao mwenye haki ya kukuamulia."

"Na wewe pia unaniacha."

"Jumatatu nitakusindikiza."

"Acha tu. Nitaenda mwenyewe."

Fundi alivuta gauni. Mguu ukakanyaga pedali ya cherehani kwa mazoea, akauondoa. Akachukua sindano ya mkono, akapiga bandi kama alivyoombwa, akiacha kitambaa cha kutosha ndani, endapo kitahitajika. Mdogo wake alilikunja gauni, akatoka.

Bi Vifungo akarudi na vikombe vitatu. "Mama mdogo yuko wapi?"

"Kaondoka."

"Hajaniaga."

"Kasahau."

"Hajasahau," Bi Vifungo alisema taratibu. Kisha akachukua kisahani, akakifunika kikombe cha tatu ili chai isipoe.