Mtihani wa Tatu wa Mama Pacha

Wodini walimwita Mama Pacha, hata wakubwa wake. Alikuwa akisomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, na mtihani wa mwisho ulishamwangusha mara mbili. Safari hii alifika akitokea zamu, macho mazito kana kwamba yametiwa mchanga.

Watahini walikuwa wawili: profesa mzee, na daktari kijana ambaye Mama Pacha ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Sasa kijana alikuwa bingwa. Walitazamana, kisha kila mmoja akageuzia macho sakafuni.

Mgonjwa alikuwa mtoto mdogo, amepakatwa na mama yake, anahema mbiombio. Watahiniwa waliotangulia walishampapasa wee mpaka sauti ikamkauka kwa kulia.

"Amechoka, dada," mama yake alisema.

"Hata mimi, mwenzangu." Mama Pacha akavuta kiti. "Tumwache anyonye kwanza."

"Muda unakwenda, daktari," profesa akamkumbusha.

Alijua. Mitihani iliyopita alikimbizana na huo muda, akabahatisha majibu, akaanguka. Leo mbio zenyewe hakuwa nazo. Alimtazama mtoto akinyonya na kuachia, akinyonya na kuachia, jasho likimlowesha paji la uso. Mtoto aliposinzia, alimwekea kipimo kifuani polepole, akasikiliza.

"Moyo una tundu," akasema, "na umeanza kuelemewa. Hata kunyonya kunamtoa jasho."

"Na ini je?" kijana akauliza kwa sauti ndogo. "Limevimba kwa huo moyo kuelemewa?"

"Sijui. Tumbo sijalishika. Tukimwamsha tena tutamzidishia. Naomba arudishwe wodini awekewe oksijeni, na wenzangu waliobaki wapewe mgonjwa mwingine."

Profesa aliandika. Kijana ndiye aliyeinuka kumwita muuguzi.

Jioni simu ililia. "Dada, umepita," kijana alisema. "Chupuchupu, lakini umepita. Mzee alitaka kukuangusha kwa lile ini usilolipima."

"Na mtoto?"

"Anapumua afadhali."

Alishukuru, akakaa kitandani avue viatu. Furaha aliitafuta, akaikuta nayo iko hoi. Mdogo wake alipokuja kuuliza matokeo, pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi, alimkuta kalala, kiatu kimoja kingali mguuni. Akamvua, akafunga mlango.