Nywele za Kwanza za Dunja

Barua zote za nyumba ile alizisoma Senka. Mama mkwe wake, Milosava, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na tangu Senka aolewe huko milimani juu ya Cetinje, ikawa desturi: mtu wa posta akipita, Senka huketi karibu na jiko la kuni, huchana bahasha na kusoma kwa sauti, huku mama mkwe akifuma soksi. Siku hiyo zilikuja mbili. Moja ilikuwa ya pensheni. Senka akaanza na ile nyingine, akausoma kwanza muhuri wake: maabara ya Podgorica.

"Hiyo iache," Milosava alisema upesi. "Hiyo inahusu macho yangu."

Lakini macho ya Senka yalikuwa yameshafika mstari wa pili, na mdomo ukayafuata. "Kuhusu kipimo cha vinasaba ulichoagiza. Sampuli ya baba anayedhaniwa, Vukota, ya kijiti cha shavuni, pamoja na sahihi yake ya kukubali, tumeipokea, inafaa. Sampuli ya mtoto, Dunja, haifai. Nywele mlizotuma zimekatwa kwa mkasi, hazina mizizi."

Sindano za kufumia zilisimama. Vukota, mumewe, baba anayedhaniwa! Senka aliyarudia maneno hayo moyoni, kisha akainuka kwenda kufungua sanduku lake la harusi.

Kitambaa cheupe alichofungia nywele za binti yake kilikuwa mahali pake, kimekunjwa vizuri, kitupu. Majuma matatu tu yalikuwa yamepita tangu kumu Radojica akate nywele za kwanza za Dunja mbele ya ukoo mzima: kishungi cha mbele, cha nyuma, cha kulia, cha kushoto. Kumu, baba wa heshima wa mtoto, si wa damu, lakini akishakata nywele hizo anakuwa ndugu kushinda ndugu, na mtoto ameshatangazwa kuwa ni wa nyumba hiyo.

"Mama, umefungua sanduku langu."

"Sanduku lako, nyumba yangu." Milosava alianza kufuma tena. "Nywele za kwanza ndizo zenye damu yote ya mtu, hata mama yangu alisema. Na vidole ninavyo, nimehesabu. Mwanangu alikuwa baharini, alishuka melini tarehe mbili Machi. Mtoto kazaliwa tarehe mbili Novemba. Hebu hesabu na wewe, uliyesoma."

"Alizaliwa kabla ya siku zake. Daktari aliandika."

"Daktari huandika anachoambiwa."

Vukota aliingia na mzigo wa kuni kifuani. Senka akamwonyesha barua. "Sahihi wanayoitaja hapa ni yako?"

Aliitazama, kisha akatazama viatu vyake. "Mama alikuwa hapati usingizi, Senka. Nikaona bora tumpe anachotaka, yaishe."

"Mimi nilikuwa chumba cha pili, namnyonyesha mtoto wako. Hatua tano, Vukota. Ulishindwa hatua tano?"

Senka hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata sasa hakuipaza. Alichukua simu, akampigia kumu.

Radojica alifika kabla kahawa haijapoa, kofia mkononi, uso umemwiva. "Milosava! Mkasi nimeshika mimi, mbele ya watu themanini nimesema huyu ni wetu. Wewe ukaenda kuwauliza wa Podgorica kama nimesema uongo?"

"Sikukusema wewe, kumu."

"Sasa ulimsema nani? Mbuzi? Halafu nikukumbushe, marehemu mumeo mwaka kabla hajazaliwa Vukota alikaa malishoni na kondoo kiangazi kizima. Nani alipeleka nywele za Vukota maabara?"

Milosava alijifunika mdomo kwa soksi.

"Kipimo kifanyike," Senka alisema, na wote wakageuka. "Lakini kifanyike kama kinavyofanywa, si kwa kuiba. Mimi, Vukota na mtoto tutakwenda, na kumu atakuwa shahidi. Na majibu yatasomwa hapa, kwenye meza aliyokatiwa nywele."

Huko Podgorica muuguzi aliomba vitambulisho, akawauliza kama mtoto amekula. Alikuwa ametoka kunyonya. Basi ikabidi wasubiri nusu saa, mdomo uwe safi, na Dunja, ambaye hakujua lolote la Machi wala Novemba, akalilia ziwa nusu saa nzima. Senka alimbembeleza huku akiuma meno. Kisha kijiti cha pamba kikasuguliwa ndani ya mashavu, cha mtoto, cha baba na cha mama, kila kimoja na bahasha yake.

"Na nywele zina kosa gani?" Radojica aliuliza.

"Mkasi huacha mzizi kichwani, baba. Bila mzizi, kipimo hiki hakipati kitu. Na nywele za kwenye bahasha, nitajuaje ni za kichwa gani?" Muuguzi alifunga bahasha ya mwisho. "Mtoto huchukua nusu kwa mama, nusu kwa baba. Tunaangalia sehemu ishirini na zaidi. Kisichotoka kwa mama lazima kitoke kwa baba. Sehemu kadhaa zikikataa, si yeye. Zikikubali zote, hatuandiki mia kwa mia, tunaandika tisini na tisa na ushee. Rudini baada ya siku kumi."

Siku hizo kumi Senka alipika, alifua, alikamua. Hakumsemesha Vukota ila la lazima.

Siku ya kumi na moja Vukota aliisoma karatasi mezani, mbele ya kumu. Tisini na tisa nukta tisa, tisa, tisa kwa mia: ndiye baba. Ndani ya bahasha mlikuwa na kifuko chenye vile vishungi vinne, maabara ilivirudisha.

"Nilijua!" Milosava alinyoosha mikono. "Njoo kwa bibi, roho yangu, njoo!"

Senka alichukua kile kifuko, akakirudisha kwenye kitambaa cheupe, akakitia ndani ya mkoba uliokwisha kufungwa tangu asubuhi. Dunja alikuwa begani kwake.

"Unakwenda wapi?" Vukota aliuliza. "Imeandikwa ni wangu!"

"Mimi nilikwambia ni wako tangu siku ya kwanza. Ukamwamini kijiti. Nakwenda kwa mama yangu, kumu atanipeleka."

"Utarudi lini?"

"Sijui. Hilo nalo kapime."

Radojica alishaufungua mlango. Milosava, akipapasa meza, alishika ile barua ya pensheni ambayo kwa siku zote hizo hakuna aliyeifungua. "Senka, mwanangu, kabla hujatoka. Hii inasemaje?"

"Mpe Vukota, mama. Aliyeweza kutia sahihi hashindwi kusoma."