Nguo Yenye Pini

...na kale kaduara kwenye kioo kanazunguka tu, kanazunguka, umeme umerudi, feni ya kompyuta imeanza makelele yake, faili linafunguka kwa kujivuta, na yeye ameshika kipanya, angeomba Mungu lakini aombe nini, aliyeiandika programu hii ni yeye mwenyewe, na kilichofutwa humo amekifuta yeye... "Imewaka?" mama anauliza kutoka jikoni, "Imewaka, mama, inafungua," inafungua nini, jamani, asubuhi nzima mama alikuwa kwenye kiti hiki, pua karibu iguse kioo, na macho yale ambayo daktari ameshasema hayatarudi, yatazidi kufifia tu, akichora upya violezo vya maisha yake yote ya cherehani, shingo, makwapa, mikono ya mabibi harusi, akivuta mistari na kuigombeza, "We mstari, njoo huku, usinitie wazimu," na juzi si alilalamika kwamba kila akivuta mstari programu inasita, "Mwanangu, kitu chako hiki kina kwikwi," wakacheka wote, halafu yeye, mjuaji, akaiondoa ile amri, mstari mmoja tu, ule unaoiambia mashine andika kwenye diski sasa hivi, usingoje... kwikwi ikaisha, mama akafurahi, na ni kweli kila kitu kilionekana kimekaa, faili limetandazwa kwenye kumbukumbu ya mashine, ile inayofutika umeme ukikatika, ukiligusa unadhani umeigusa diski yenyewe, kumbe bado, mashine itaandika ikipata nafasi, kipande hiki leo, kile baadaye, haifuati mpangilio, na umeme ukikatika katikati unabaki na mkono usio na kwapa... alilijua hilo, si kwamba hakulijua, alisema nitairudisha kesho, na kesho ikawa kesho... na makaratasi, Mungu wangu, makaratasi, "Haya ya zamani niyafanyeje?" mama aliuliza, yale ya kaki yaliyotobokatoboka kwa pini, naye akajibu bila hata kugeuka, "Choma tu, mama, kompyuta haisahau," na mama, mtu wa kusikia la mtoto wake, kila akimaliza kimoja anakipeleka jikoni, ndiyo aliyowashia moto, ndiyo moshi huu unaonukia mpaka huku... sasa mama anakuja, anapapasa ukuta, kiganja kinamtua begani, "Bado haijafungua? Kama vimepotea si kosa lako, ni hao wa umeme," loo, mlango huo hapo umefunguliwa, apite tu, nani atajua, aseme ndiyo mama, ni hao hao, wakae wawalaani pamoja... ila anamkumbuka mteja mmoja aliyekuja mbio kuchukua gauni, yeye mwenyewe bado mtoto wakati ule, akamwambia mteja lipo tayari, mbona linavalika, na mama akalipokonya mbele ya mgeni, "Nguo yenye pini haijashonwa! Usimwambie mtu imekwisha," aibu aliyoipata siku ile, na leo amemwambia mama imekwisha, amemwambia mama mwenyewe, akamchomesha na karatasi... kaduara kanazunguka bado, huenda vimo, huenda nusu, na hata vikiwemo vyote, uongo aliusema, anavuta kiti, anaushika mkono ule wenye sugu za mkasi, "Mama, kaa kwanza. Umeme hauna kosa."