Majina Thelathini na Nane

Mume wangu alikubali kusafiri kwa sharti moja. Meli ikifika bandari ya Bodø, siku ya nne, kama bado hajaona maana ya kukaa majini, atashuka, atapanda treni ya kurudi nyumbani, na mimi nisimfuate wala nisimnunie. Nikakubali. Ningefanyaje? Kumtoa Halstein jikoni kwetu ilikuwa sawa na kung'oa kisiki.

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa na hatukuwahi kwenda likizo. Ukifuga mbuzi huna likizo. Wanakamuliwa Jumapili, wanakamuliwa Krismasi, wanakamuliwa siku unayomzika mama yako. Sikulalamika. Niliyapenda yale maisha, na anayesema sikuyapenda aje aniambie mimi. Lakini Oktoba iliyopita magoti ya Halstein yalikataa kabisa, akawauza wote, na namna alivyowauza ndiyo iliyonikera. Alinituma mjini kwa daktari wa meno, na jino lenyewe halikuwa linauma kivile. Niliporudi nikakuta banda tupu, limeshafagiliwa. Aliwapakia kwenye lori peke yake, mmoja mmoja, mimi sipo. Nilimfokea mpaka jirani wa ng'ambo ya mto akatoka nje kuangalia kuna nini. Yeye alikwenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, kile kinachotazama banda, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kiti.

Si kwamba alikuwa bubu. Alisema ndiyo, alisema hapana, alisema kahawa imeisha. Ila mbuzi hakuwataja tena, hata mmoja, na mtu aliyekulia kwenye banda la mbuzi akiacha kuwataja, anabaki na nini cha kusema? Miezi minane hivyo. Niliogopa, sifichi. Niliona kile kiti kinammaliza mume wangu nikiangalia kwa macho yangu. Binti yetu Ragnfrid naye aliona, ndiyo maana akatukatia tiketi za meli ya pwani ya Norwe, kutoka Bergen mpaka Kirkenes, juu kabisa, ukizidi kidogo umeingia Urusi.

Basi mjue nilichokuwa nakipigania. Halstein akishuka Bodø anarudi kitini. Na akirudi kitini, safari hii haamki.

Tulianza kwa aibu. Mimi nilifunga chakula, kwa sababu kwetu hata anayekwenda kungoja basi hubeba mkate wake kwenye karatasi. Nilibeba mkate bapa, mguu wa kondoo uliokaushwa, jibini ya kahawia na mayai ya kuchemsha kumi na mawili. Begi zima. Siku ya pili asubuhi mhudumu wa chumba cha kulia akamkuta Halstein mezani anapaka siagi vipande sita vya mkate wa meli na kuvifunga kwenye karatasi aliyokuja nayo mfukoni.

"Mzee wangu, chakula cha mchana kipo," akamwambia kwa upole. "Kimo ndani ya tiketi."

"Najua," Halstein akasema, akaendelea kufunga.

Pale mezani tulipangwa pamoja na mtu mmoja anaitwa Sigvald, dereva mstaafu wa basi la mjini Bergen. Alikuwa anasafiri peke yake kwa mara ya saba kwenye njia hiyo hiyo, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliangalia zile karatasi, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akatoa miwani.

"Watu wa bara nyie mna mambo. Mnadhani bahari haina jiko?"

"Na nyie wa pwani mnadhani mtu akifunga mdomo dakika moja atakufa," nikamwambia.

"Ah, shemeji ana ulimi. Mumeo vipi, yeye ulimi wake kauacha nyumbani?"

Halstein aliinuka akaenda kukaa kwenye viti vya mlangoni, koti mwilini, begi kati ya miguu. Siku ya pili nzima alikaa hapo. Siku ya tatu, tuliposimama Trondheim, nikamwomba tushuke tunyooshe miguu, akasema magoti. Nikamwonyesha mnara wa taa uliojengwa juu ya mwamba mtupu, akasema ameuona. Milima ilipita, yenye theluji vichwani mwezi wa Juni, na yeye anatazama saa yake. Ilipofika jioni nilikwenda chooni nikalia kidogo kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi.

Asubuhi ya siku ya nne tukavuka mstari wa Aktiki, ambapo kuanzia hapo jua la kiangazi halitui. Kuna desturi yao pale: anayevuka mara ya kwanza anamwagiwa barafu shingoni kwa upawa, halafu anapewa kikombe kidogo cha kumpasha moto. Mimi nilipanga foleni. Wenche, mama mnene mchangamfu anayesimamia mambo ya abiria, alinivuta kola akamimina upawa mzima, nikatoa ukelele mpaka watu wa mbele ya meli wakageuka. Halstein hakupanga foleni. Alisimama nyuma kwenye ukingo, ameshika begi, maana Bodø ilikuwa imebaki saa nne tu.

Wenche hakuwa amemaliza. Akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba meli mwenzetu inayorudi kusini inakuja mbele, tutapishana baada ya dakika kumi, na sote twende upande wa kushoto. Hapo nikaelewa kwa nini Sigvald alikuwa amebeba shuka la kitandani: lilikuwa la kupunga.

"Ni mashindano," akanieleza. "Meli zikipishana, abiria wa huku na abiria wa kule wanashindana kwa kelele. Meli iliyozidiwa inapiga honi tatu kukubali. Sisi tumepiga hizo honi safari tano mfululizo. Na leo ndiyo basi tena, angalia umati wenyewe."

Niliangalia. Aibu tupu. Watu wamesimama mikono mifukoni, kila mmoja anamwangalia mwenzake aanze yeye. Sisi watu wa mabondeni hatupendi kujitia mbele. Kujitia mbele kwetu ni karibu na wizi. Na ile meli ya pili ilikuwa inakuja, nyeupe na nyekundu, na tukaanza kuwasikia kabla hatujaziona sura zao. Walikuwa na bendi. Bendi nzima ya tarumbeta na ngoma kubwa ya kijiji fulani, wanarudi kutoka tamashani, wamejipanga kwenye sitaha ya juu wanapuliza kama wamelipwa.

Wenche akaanza kupiga makofi. "Haya jamani, sauti. Sauti." Watu thelathini hivi wakasema "hoo" ya chini chini, ya kanisani.

"Tumekwisha," akasema Sigvald. "Ndiyo hasara ya kupakia watu wa bara. Hawa sauti hawana, wamezaliwa wananong'ona."

Sasa mimi nina sauti. Sijisifu, ni habari tu. Kule kwetu, kiangazi, mbuzi hupelekwa malisho ya juu mlimani, na jioni wanawake ndio huwaita warudi kukamuliwa. Ni kazi ya wanawake tangu enzi. Mwanaume akiita, hata beberu hageuzi shingo. Unatoa sauti nyembamba, ya juu sana, isiyo na maneno, inaruka bonde zima, halafu unawaita kwa majina. Nilifundishwa na mama yangu nikiwa na miaka sita. Nilikuwa sijaita tangu lori lile. Lakini nilikuwa nimelowa barafu mgongoni, nina hasira za siku nne na za miezi minane, na huyu dereva wa basi ananiambia sina sauti.

Nikashika ukingo, nikavuta pumzi, nikaita.

Ilitoka yote. Ilipita juu ya zile tarumbeta ikaenda ikagonga mlima wa ng'ambo ikarudi, nami nikaipeleka tena. Nikaona vichwa kule vinageuka. Mpiga ngoma akasimamisha fimbo hewani. Tarumbeta moja ikanyamaza, ya pili ikanyamaza, na bendi yote ikakatika wanatafuta ile sauti inatoka wapi. Nahodha wetu akapunguza mwendo. Sigvald shuka lilimponyoka. Mimi huyo, nimeshapanda, nikafika mahali pa majina, na jina la kwanza ni Dokka, kwa sababu Dokka ndiye kiongozi, Dokka akigeuka wote wanageuka.

Nikasema, "Dok..." na koo likafunga.

Nilimwona mlangoni pa banda, na ile pembe yake moja fupi. Meli mbili zimenyamaza zinaningoja, na mimi nimeshika chuma machozi yananitoka mbele ya watu, hakuna mbuzi wa kuja, na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Dokka."

Sauti ilikuwa ya nyuma yangu. Mbaya sana, ya mkwaruzo, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi. Halstein alikuja akasimama ubavuni pangu. Begi alikuwa ameliacha huko huko. Mwanaume mzima wa miaka sabini, asiyepandisha sauti hata kanisani, akafungua kinywa mbele ya abiria mia tatu akafanya kazi ya wanawake.

"Dokkaaa. Fagerlin. Kronaaa."

Sikuamini. Nikamshika mkono wa koti. Hakunitazama, alitazama maji, na aliita kwa mpangilio ule ule wa kuingia kukamuliwa, ambao mimi mwenyewe siku hizi ningeuchanganya. Gullhorn. Svartlin. Stjerna na binti yake. Akifika kwenye jina anavuta pumzi, analirusha, anangoja kidogo, halafu linalofuata.

Sigvald ndiye aliyeanza. Hakuwa na mzaha usoni hata kidogo. Halstein alipoita "Perla", yeye akajibu "Perla" kwa sauti nzito ya besi. Jina lililofuata wakajibu watu kumi. Lililofuata Wenche akaliitikia kwenye kipaza sauti. Na hapo wale watu wa mabondeni, wale wa mikono mifukoni, wakaitoa mikono. Kumbe nusu yao walikuwa wafugaji kama sisi, wameuza, wamezeeka, wametumwa baharini na watoto wao. Mwanamke mmoja mwembamba pembeni yangu akaanza ile sauti ya juu ya kwao, tofauti kidogo na yetu, na mwingine akaidaka. Halstein anaita jina, meli nzima inalirudia, mlima unalirudia. Mabati yalitetemeka chini ya viatu vyangu. Nilipata koo langu tena, nikaingia nami, tukaita wote wawili.

Kule ng'ambo hakuna aliyejaribu kupuliza kitu. Wapiga tarumbeta walivua kofia zao wakazipunga. Kisha ikaja honi, ndefu, nzito, moja. Ya pili. Ya tatu. Wenche akaruka juu na unene wake wote, watu wakakumbatiana na watu wasiowajua, jambo ambalo kwetu halitokei hata harusini.

Halstein hakuacha kuita. Meli ile ilishapita, imekuwa ndogo nyuma yetu, watu wanacheka na kupongezana, yeye bado anaita, maana walikuwa hawajaisha. Polepole wote wakanyamaza wakamsikiliza. Hakuna aliyecheka. Wa thelathini na nane alikuwa Vesla, yule kilema aliyeingia mwisho kila siku. Alimwita kwa sauti ya kawaida, kama yuko miguuni pake.

"Wameisha," akasema. Akajipangusa uso kwa kofia. "Sikutaka uwaone wakipandishwa lorini, mama. Walikuwa wanakutafuta wewe."

Miezi minane nilikuwa nimemkasirikia mtu kwa jambo hilo. Nilimwambia ni mjinga. Nikamwambia nampenda, kwa sauti, watu wanasikia, na hakuona haya.

Bodø tuliingia saa sita na nusu mchana. Wenche alisimama kwenye ngazi ya kushukia na orodha yake, amevaa sura ya kusikitika.

"Bwana Halstein, nimekuandika kwamba unaishia hapa."

"Nifute," akasema.

"Nikuandike mpaka wapi?"

"Njia hii inaishia wapi?"

"Kirkenes."

"Basi huko." Akanipa mkono tushuke tukanywe kahawa mjini, magoti na yote, na tulirudi melini dakika tano tu kabla ya kuondoka kwa sababu alisimama kusalimia mbwa wa watu.

Jioni, jua bado liko juu, tulipita Lofoten. Ni milima ambayo watu huvuka dunia kuja kuiona, na Halstein aliipa mgongo. Alikuwa amekaa mezani na Sigvald, viwiko mezani, anamweleza jinsi Krona alivyojifunza kufungua komeo kwa ulimi, na jinsi Gullhorn alivyokula kofia ya mchungaji wa kanisa, na tofauti ya maziwa ya mwezi wa sita na ya mwezi wa nane. Alieleza kwa saa mbili. Alieleza supu ikiletwa, alieleza sahani zikiondolewa. Sigvald alijaribu kuingiza neno mara tatu akashindwa, mwisho akanigeukia, ameishiwa nguvu.

"Shemeji, nakuomba. Huyu mumeo hanyamazi?"

"Mwache," nikamwambia, nikamwongezea kahawa. "Namngoja tangu Oktoba."