Maji ya Josho na Dawa ya Josho

Kunegunda alikuwa akimsuka bintiye Agape barazani pale Bombambili, Jumamosi, jua limeshakolea, kidole chake kilipogota kitu nyuma ya sikio la mtoto. Akadhani kipele. Akakibonyeza, kikabonyea kama harage lililolowekwa, na Agape hata hakushtuka. Alipoinama vizuri akaona vijiguu vinachezacheza pembeni. Kupe. Amenona, rangi ya majivu, mdomo wote umezama kwenye ngozi.

Alikotoka hakukuwa na haja ya kuuliza, maana mtoto na mbwa wao Kamanda walishinda wamelaliana kama mapacha. Shida ilikuwa amtoeje. Mkono ulikwenda wenyewe kumng'oa kwa kucha, ukasita njiani. Tangu utotoni alisikia kwamba kichwa cha kupe kikikatikia ndani huota mwili mwingine, na sikio, kama kila mama ajuavyo, ni jirani wa ubongo.

Subira, mpangaji wa chumba cha pili, akachungulia akiwa na mwiko mkononi.

"Mpake mafuta ya taa, shoga. Ataachia mwenyewe."

Kunegunda akainuka kufuata kibatari. Hajafika mlangoni, Subira akabadili.

"Au washa kiberiti, uzime, umguse na kile kijiti cha moto. Atarudi kinyumenyume."

"Kwenye nywele hizi?"

"Basi ugoro. Marehemu babu yangu alikuwa anatumia ugoro."

"Subira, kipi sasa?"

"Mimi nimekupa vyote. Kuchagua ni kwako, mwenye mtoto ni wewe."

Kunegunda akakaa tena, kichwa kikimzunguka kuliko mwanzo. Asiyejua jambo hata kidogo ana nafuu, ataomba msaada. Lakini ukishapewa njia tatu na zote zimesemwa kwa uhakika, utashika ipi?

Ndipo Odilia, mama mkwe wake, alipotoka ndani. Alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Maposeni. Akamtazama mjukuu sikioni, akacheka kwa pua.

"Ninyi watu wa mjini mnahangaika na kupe? Leteni kitambaa."

Akafungua kikapu chake, akatoa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Ndani mlikuwa na kitu chekundu kama chai ya rangi, na gunzi lilipotoka harufu yake iliwapiga wote puani.

"Dawa ya josho," alisema. "Mbwa kwanza, kisha mtoto. Ukimtibu mtoto ukamwacha mbwa, kesho atapanda mwingine."

Kwa hilo la mbwa Kunegunda aliona kuna akili. Na josho alilijua. Zamani, serikali ilipokuwa bado inaleta dawa, ng'ombe wa vijiji vyote vya jirani walivushwa kwenye lile handaki la saruji, wakatoka upande wa pili wanachuruzika. Wakishapita ng'ombe, watu walitupia mbwa wao humo. Wapo mama waliochota yale maji kwa kopo wakawaosha watoto chawa, wala hakuna aliyezikwa kwa ajili hiyo. Kisha mambo yakawa ruksa, kila mtu na mfugo wake, dawa ya serikali ikakoma, handaki likaota magugu. Siku hizi dawa iliuzwa gulioni, kila mtu na chupa yake, na muuzaji wa leo si wa wiki ijayo.

Lakini maji ya josho Kunegunda aliyakumbuka meupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Hii mbona nyekundu?

"Mama," alisema taratibu, "ndiyo hiyohiyo?"

"Nimenunua kwa macho yangu. Josho limehamia kwenye chupa, basi."

Odilia akalowesha kitambaa, akamshika Kamanda, akampaka kwa mikono mitupu, masikioni, kwapani, katikati ya vidole, mgongo mzima. Kupe walikuwa wamejipanga kama punje za mtama. Alipomaliza akalowesha pembe ya pili ya kitambaa, akamkabidhi mkwewe.

"Umpake na huyo. Mimi macho yangu hayaoni vizuri huko nyuma ya sikio."

Kunegunda akashika kitambaa kwa ncha za vidole. Agape alikuwa ameinamisha kichwa magotini pake, anasubiri. Ikawa vigumu, maana mkwe hambishii mama mkwe, hasa mbele ya jirani. Lakini macho yake yalikuwa kwa mbwa. Kamanda alikuwa amesimama pale uani, mate yanamtoka kama kamba. Miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka. Akataka kutembea, akaenda upande kama mlevi wa ulanzi, akaketi.

"Mama, mbwa ana nini?"

"Kifafa. Mbwa wa mjini wana kifafa."

Kunegunda hakujua aamini nini. Maji yale yaliosha watoto, nayo dawa hii, kama kweli ni ileile, inamwangusha mbwa. Kukataa hakuweza, kupaka hakuweza. Akaokoteza uongo wa kwanza uliokuwa karibu.

"Nywele zinaficha, mama. Nampeleka zikatwe kidogo pale saluni, nirudi nimpake."

Akaangusha kitambaa kwenye majivu, akanawa mikono kwenye ndoo, akambeba mtoto.

Saluni ilikuwa ya Leticia, nyumba ya nne kutoka pale, na ilikuwa mahali ambapo Kunegunda aliapa hatakanyaga. Kwenye mkutano wa jumuiya alikuwa amesema mbele za watu kwamba mwanamke Mkristo hatindi nyusi. Leticia alimwona akiingia, akaweka kitana chini.

"Karibu, Mama Agape. Leo tunatinda upande mmoja au zote?"

"Leticia, nicheke baadaye. Mtoto ana kupe."

Kaka yake Leticia, Athanasi, alikuwa kwenye benchi anasoma gazeti la zamani. Alikuwa bwana mifugo huko Madaba hadi alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake, na sasa alimsaidia dada yake kuchemsha maji ya nywele. Akainuka, akatazama sikio.

"Umempaka kitu?"

"Bado. Wengine wanasema mafuta ya taa, wengine kijiti, wengine ugoro, mama mkwe ana dawa ya josho. Sijui nishike lipi."

"Shika hili," alisema Athanasi, akachukua kibanio cha dada yake, kile cha kutindia nyusi, akakiosha kwa spiriti, akamwekea mkononi. "Ukimpaka mafuta au ukimchoma, anatapikia uchafu wake ndani ya mtoto. Mbane hapa chini kabisa, ngozini, siyo tumboni. Tumbo usiliguse. Kisha vuta juu, polepole, bila kumzungusha, mpaka achoke yeye."

"Mimi?"

"Mikono yangu siku hizi si ya kazi hiyo, ile mizima niliiachia Madaba. Na mtoto atatulia kwako."

Akambana. Akavuta. Ngozi ya mtoto ikainuka kama kihema kidogo, Kunegunda akataka kuacha, Leticia akamwambia vuta, Athanasi akamwambia polepole, hakujua amsikilize nani, akaendelea kuvuta tu. Kupe akaachia. Alikuwa mzima, na mdomo wake.

"Na kama kichwa kingebaki?"

"Kinachobaki ni mdomo, nao hauoti chochote. Ukikataa kutoka, uache, ngozi itausukuma yenyewe. Osha hapo kwa sabuni, na mikono yako. Akipata homa wiki hizi zinazokuja, au vipele, mpeleke hospitali na uwaambie kulikuwa na kupe. Usiseme malaria ukanyamaza."

Kunegunda alitaka kumponda kupe kwa kucha, Athanasi akamzuia, akamtumbukiza kwenye kifuniko chenye mafuta ya taa.

"Si umesema mafuta ya taa hapana?"

"Kwa mtoto hapana. Kwa kupe ruksa."

Leticia akacheka. Kunegunda hakuweza, maana sasa ndiyo alikuwa amepotea kabisa. Akaeleza habari ya chupa, ya mbwa, ya maji ya josho yaliyokuwa meupe. Athanasi akaacha kutabasamu.

"Meupe kwa sababu ni maji. Kidogo tu cha ile nyekundu tulikimimina kwenye handaki zima. Hiyo ya kwenye chupa ni mama yake, haijaguswa na maji. Nani amempaka mbwa?"

"Mama mkwe."

"Amevaa nini mikononi? Hata mfuko wa rambo?"

Kunegunda alimwachia Leticia mtoto, akakimbia, na Athanasi nyuma yake na kipande cha sabuni.

Odilia alikuwa ameketi mkekani. Subira alikuwa ameivisha, na kati yao kulikuwa na ugali na majani ya maboga. Mikono ameinyunyizia maji kidogo, kama desturi. Tonge lilikuwa tayari kiganjani, linazungushwa.

Kunegunda akaushika mkono wa mama mkwe wake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aolewe.

"Mama, usile."

Odilia akamtazama yeye, akautazama mkono.

"Unaninyima chakula nyumbani kwa mwanangu?"

"Hiyo dawa ni sumu, mama. Josho lilikuwa maji mengi na dawa kidogo. Hii ni dawa tupu. Tuoshe kwanza, na kanga uivue, imelowa, halafu twende hospitali wakutazame."

"Tulikuwa tunaogesha watoto."

"Najua, mama."

"Hata mume wako mwenyewe nilimwogesha."

"Najua."

Uani Athanasi alikuwa anammwagia Kamanda ndoo ya maji na sabuni, na mbwa akajaribu kunyanyuka, akashindwa, akajaribu tena. Odilia alimtazama kwa muda. Tonge likamdondoka mkekani.

"Vidole vinanichoma," alisema, kama anayeuliza.

Kunegunda akavuta beseni, akaanza kumsugua, kiganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, jinsi anavyomwosha Agape.

"Na mtoto," Odilia alisema, "ulimpaka?"

"Hapana, mama."

"Nilikuambia umpake."

"Uliniambia."

Odilia akamnyooshea mkono wa pili.