Miiba Juu ya Maji

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na moja Februari, mwaka 1974, saa nne asubuhi, pale Bwana Wainaina aliposimamisha Landrova ukingoni mwa mto mkavu wa Lodwar, akautazama mtaa wetu bila kushuka.

Mtaa wenyewe ulikuwa ng'ambo ya mto, na wakubwa wa serikali waliuita hivyo hivyo, Ng'ambo. Upande wao kulikuwa na nyumba za mabati, bomba, na vyoo vya kuvuta maji. Upande wetu nyumba zilikuwa za matawi ya mikoma. Waliokaa kwenye mabati walitoka Kenya. Ndivyo tulivyosema siku zile, ametoka Kenya, kana kwamba Lodwar iko nchi nyingine, na wao wenyewe walisema vivyo hivyo. Watoto wawili wa kwao walikuwa wanaharisha. Ikaamuliwa ugonjwa umetoka kwa Waturkana, maana ungetoka wapi tena?

Wainaina alikuwa bwana afya, mimi kibarua wake wa sepetu. Aliona mashimo ya maji kwenye mchanga, mbuzi pembeni, na matawi ya miiba juu ya kila shimo. Akaandika kwamba watu wa Ng'ambo wanatupa takataka kwenye maji na kunywa pamoja na mifugo. Kisha akaniamuru niyafukie yote.

Nilijaribu kumweleza kwamba kila shimo lina mama yake. Asubuhi anayachota maji yaliyolala, anawamwagia mbuzi kwenye kihori cha mti, halafu anangoja maji mapya yajae polepole. Hayo ndiyo ya watu. Akishachota, anafunika.

"Hiyo miiba ni kifuniko, bwana. Mbuzi wasiingie."

"Wewe umejenga wapi?"

"Ng'ambo."

"Basi usinifundishe usafi. Fukia."

Nikafukia. Mashimo kumi na manane. La mke wangu Nakeno nililiacha la mwisho, nikidhani Landrova itaondoka. Haikuondoka. Nakeno alikaa pale na kibuyu chake, akanitazama.

"Shindilia vizuri, Baba Ekal," akasema. "Wasije wakakufukuza kazi kwa ajili ya kiu yangu."

Wanawake wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo.

Akina mama wakaambiwa wakachote kwenye bomba la wakubwa. Mugure, mke wa karani, ndiye aliyepanga foleni: wa mtaa wao kwanza, wa Ng'ambo baadaye, na asiguse mtu mdomo wa bomba kwa mkono. Nakeno alirudi na nusu debe. Tukanywa. Mimi tumbo lilinisumbua siku moja tu. Yeye alianza kuharisha Jumatano, wala hakukoma. Kufikia Ijumaa nyumba tano za mabati zilikuwa na wagonjwa. Ndipo mafundi walipochimba, wakakuta bomba la choo limepasuka juu ya bomba la maji, na ule ufa haukuwa wa jana.

Wagonjwa wa mabati walibebwa na Landrova hadi hospitali. Nilipoomba ije kwangu, Wainaina alisema dereva hawezi kupelekwa kwenye ugonjwa. Nakeno akataka aende Kakuma kwa dada yake Abei, ambako mashimo yalikuwa bado wazi. Nilipata lori la mbuzi. Alikata roho njiani akiomba maji, miti ya Kakuma ikianza kuonekana. Tukamzika huko, mimi na Abei.

Niliporudi Lodwar, bomba lilikuwa limetengenezwa kimya kimya. Ripoti ya Wainaina haikurekebishwa. Karani alinisomea: ugonjwa ulianzia Ng'ambo, ukazimwa kwa kufukia mashimo. Wainaina alipandishwa cheo, akarudi Kenya. Nikamuuliza Kiplagat aliyekalia kiti chake, nikawauliza na wakubwa wake mmoja mmoja, nimesimama mlangoni kwa sababu ndani sikukaribishwa. Wengine walitazama saa. Mmoja alinipa sigara.

Swali lenyewe ni moja, wala halihitaji shule. Jumatatu ile, kabla sijashika sepetu, ni nani wa Ng'ambo aliyekuwa mgonjwa?